Kasri Lililojengwa Mara ya Pili

Chumba cha Kaharabu hakikupi nafasi ya kupumua. Unaingia na kundi lako, mlinzi anahimiza watu wasogee, kundi la nyuma limeshafika mlangoni, na kuta za kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe, zinakuwakia kwa rangi ya asali kutoka chini hadi karibu na dari. Tulikuwa ndani ya Kasri la Catherine, Tsarskoe Selo, kusini kidogo ya Saint Petersburg, Urusi, tumevalishwa mifuko ya plastiki juu ya viatu ili tusikwaruze sakafu ya mbao za nakshi. Mwongozaji wetu, mama wa makamo, alitaja harakaharaka mfalme wa Prussia aliyemzawadia Peter Mkuu kuta hizo mwaka 1716. Akamtaja malkia Elizaveta. Akautaja mwaka 1941. Kijana mmoja aliyesimama mbele yangu akamkatiza.

"Kwa hiyo hizi siyo zenyewe?"

Mama yule akamtazama kidogo. "Hizi," akasema, "zimetuchukua miaka 24."

Kisha akainua kijibendera chake, akatupeleka chumba cha pili.

Hakusema ndiyo wala hakusema hapana. Wiki zimepita tangu nirudi na jibu lile halijaniachia. Nimeliwaza kwenye daladala, nimeliwaza nikiwa kazini, na nimeamua kuandika ili nione linaelekea wapi.

Majina yanayotajwa

Ukinunua ziara ya makasri ya Saint Petersburg utasikia majina yale yale. Peter, aliyeuanzisha mji mwaka 1703 kwenye matope ya mdomo wa mto Neva. Elizaveta na mbunifu wake, Rastrelli. Catherine Mkuu na vitabu vyake. Nicholas wa mwisho na msiba wake. Utapelekwa Kasri la Majira ya Baridi, lenye makumbusho ya Hermitage, kisha ngome ya Peter na Paul walikozikwa watawala, kisha upande boti kwenda Peterhof kuangalia maji yanavyorushwa juu.

Ni ziara nzuri, na nilifurahi kama mtoto. Pale Peterhof nilisahau hata kupiga picha niliposikia kwamba chemchemi zile hazina pampu. Maji hushuka yenyewe kutoka vilima vya Ropsha, kwa mfereji uliochimbwa mwaka 1721 chini ya fundi Vasily Tuvolkov, na uzito wa mteremko ndio unaoyarusha mita 20 hewani kutoka kinywani mwa simba anayepasuliwa taya na Samson. Miaka zaidi ya 300, na hesabu ya yule fundi bado inafanya kazi.

Lakini katika vyumba vingi vya Tsarskoe Selo kuna picha za zamani, nyeusi na nyeupe, zimewekwa ukutani. Watu wanazipita. Muda wa ziara ni mfupi, na dhahabu iko upande wa pili.

Mimi nilisimama kwenye moja. Ilikuwa ukumbi ule ule tuliokuwamo, madirisha yale yale marefu, ila hakukuwa na dari. Hakukuwa na sakafu. Kulikuwa na matofali yaliyoachwa uchi, vyuma vilivyopinda, na anga.

Kundi likaniacha.

Kilichotokea

Wajerumani waliufunga mji, wakati ule ukiitwa Leningrad, tarehe 8 Septemba 1941. Mzingiro haukuisha hadi tarehe 27 Januari 1944: siku 872. Baridi ya kwanza ndiyo iliyoua zaidi. Kuanzia tarehe 20 Novemba mgao wa mkate kwa wafanyakazi wa ofisini, wategemezi na watoto ulishuka hadi gramu 125 kwa siku, tena mkate wenyewe haukuwa unga mtupu. Watu walichemsha gundi ya maseremala na mikanda ya ngozi. Waliokufa kwa njaa na baridi ni mamia ya maelfu. Makaburi ya Piskaryovskoye peke yake yamelaza raia wapatao 420,000, wengi wao katika mashimo ya pamoja yaliyoandikwa mwaka tu, bila jina.

Makasri ya nje ya mji, yaani Tsarskoe Selo, Pavlovsk na Peterhof, yalikuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani kwa karibu kipindi hicho chote. Wenyeji waliporudi Januari 1944 walikuta maganda. Kasri la Peterhof lilikuwa limeungua. Pavlovsk lilichomwa Wajerumani walipokuwa wanaondoka. Sanamu ya Samson, iliyochongwa na Mikhail Kozlovsky na kuwekwa mwanzoni mwa karne ya 19, ilikuwa imeibwa, na haijaonekana tena.

Nilikuwa nayajua haya kijuujuu, kama wengi wetu tunavyoijua vita ile. Sikuwa nimeyaunganisha na tiketi mkononi mwangu. Sakafu niliyovalishwa plastiki ili nisiikwaruze imetandikwa na watu ambao huenda baba zao walikufa kwa gramu 125.

Mtu wa karatasi za ukutani

Katika wote niliosoma habari zao tangu nirudi, nimekwama kwa Anatoly Kuchumov.

Mwaka 1941 Kuchumov alikuwa kijana asiyefikisha miaka 30, mtunzaji wa vitu vya makasri ya Tsarskoe Selo. Vita ilipoanza aliambiwa afunge vilivyo muhimu, vipakiwe kwenye treni na kupelekwa Siberia. Alipofika kwenye Chumba cha Kaharabu alikuta kaharabu, baada ya karibu karne mbili ukutani, imekauka mno. Walipojaribu kuibandua ikaanza kumeguka. Akaamua kuiacha mahali pake. Wakazifunika kuta kwa vitambaa na pamba, kisha wakabandika karatasi za kawaida za ukutani, ili chumba kionekane hakina kitu.

Ujanja huo haukudumu. Askari waligundua, wakazibandua kuta kwa muda wa saa 36, wakazisafirisha hadi Königsberg, wakati ule mji wa Ujerumani, zikaonyeshwa kwenye ngome ya huko. Mwaka 1944 mji ule ulipigwa mabomu na Waingereza. Aprili 1945 ukatekwa na Wasovieti. Tangu hapo kuta zile hazijulikani zilipo.

Mwaka 1946 Kuchumov alikwenda mwenyewe Königsberg kuzisaka. Akapekua vifusi vya ngome. Akakuta mabaki yaliyoungua ya picha za mawe ya rangi zilizokuwa sehemu ya chumba kile, lakini hakukubali kwamba kaharabu yote imeteketea.

Hapa ndipo ninapokaa kwa muda mrefu. Angeweza kung'oa kuta kwa nguvu, akapeleka Siberia magunia ya vipande. Alichagua zisivunjike, na kwa sababu hazikuvunjika, zikaibika. Sijui ni usiku ngapi aliyarudia hayo kichwani. Ninachojua ni alichokifanya baadaye: akawa mtunzaji mkuu wa Pavlovsk, akatumia miaka ya maisha yake kutafuta viti, saa, vitambaa na taa vilivyotawanyika, ili kasri likiinuka tena liwe na vitu vyake ndani.

Huyu hatajwi kwenye ziara. Rastrelli anatajwa mara kumi.

Shaka ya kwanza: je, huu ni uongo?

Swali la yule kijana ni la haki, na nalibeba pamoja naye. Kama chumba kilichopo ni nakala iliyokamilishwa mwaka 2003, kwa nini tuambiwe ni cha Elizaveta? Ukimjengea marehemu sanamu inayofanana naye, hujamfufua.

Nilipoanza kupekua nikakuta kwamba ndani ya Saint Petersburg penyewe, karibu kila unachogusa kimejengwa zaidi ya mara moja. Kasri la Majira ya Baridi lililomalizwa mwaka 1762 liliungua Desemba 1837. Kuta za nje ndizo zilizobaki. Tsar, yaani mfalme wa Urusi, Nicholas wa Kwanza akaamuru lirudi upesi, na kwa takriban miezi 15 kumbi kuu zikawa tayari, kwa gharama ya maelfu ya vibarua waliofanya kazi kwenye joto kali la majiko ya kukaushia kuta huku nje ni barafu. Ngazi kuu ile ya marumaru ambayo kila mtalii hupigia picha kama kazi ya Rastrelli ilirudishwa na Vasily Stasov baada ya moto. Hakuna anayesimama pale na kuuliza kama ni yenyewe.

Hata ile alama maarufu ya Nevsky Prospekt namba 14, maandishi meupe kwenye mraba wa buluu yanayowaonya wananchi kwamba upande huu wa barabara ni wa hatari zaidi wakati wa mizinga, nayo imerudishwa. Ile ya wakati wa vita ilifutwa, hii ni ya miaka ya 1960. Watu huweka maua chini yake. Sioni kosa lao.

Kwa hiyo umri wa jiwe haunisumbui tena sana. Kinachonisumbua ni kimya. Kanisa Kuu la Mtakatifu Isaac limeacha makovu ya vipande vya mizinga kwenye nguzo zake bila kuyaziba, na kibao kinaeleza kwamba hayo ni makovu ya kombora moja kati ya 148,478 yaliyorushwa mjini. Jengo hilo linakwambia yaliyolipata. Lakini chumba kilichorudishwa kwa ustadi kiasi kwamba huoni mshono kinategemea mtu akueleze, na mtu huyo ana kundi jingine saa sita kasorobo.

Shaka ya pili: kwa nini wajenge upya kilichomilikiwa na Tsar?

Hii ndiyo iliyoninyima usingizi zaidi.

Mji umetoka kwenye njaa. Nyumba za watu zimebomolewa. Dola yenyewe, ya Wasovieti, ilizaliwa katika mapinduzi ya mwaka ule ule Tsar alipoangushwa. Halafu fedha, mbao, dhahabu na mikono ya mafundi vinapelekwa kurudisha vyumba vya kuchezea dansi vya wafalme ambao walijenga kwa jasho la wakulima waliomilikiwa pamoja na ardhi. Dhahabu ya kuba la Isaac ilipakwa kwa zebaki, na mvuke wake uliwaua mafundi waliofanya kazi hiyo. Mimi ninayetoka kwenye pwani yenye historia ya watumwa siwezi kulitazama kasri bila kuuliza nani alibeba mawe. Na hao waliotoka kwenye mzingiro wangeweza kuuliza vilevile na kusema: achani magofu yawe magofu.

Kulikuwa na sababu za kisiasa pia, na tusijifanye hatuzioni. Stalin alitaka ushindi wenye sura. Kasri lililorudi ni bango kubwa.

Lakini bango halielezi yaliyotokea kabla ushindi haujajulikana. Mwaka 1943, mji ukiwa bado unapigwa mizinga, ilifunguliwa shule ya kuwafundisha vijana kazi za kuchonga, kumimina nakshi za plasta na kupaka dhahabu. Hata kabla ya hapo, katika baridi zile, wasanifu majengo walikuwa wanazunguka na kamba zao kupima majengo na kuyachora, ili yakibomoka pawe na kumbukumbu. Watu wenye njaa. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Wanaandika unene wa nguzo.

Hakuna aliyewajia na bunduki kuwaambia wapende nguzo. Nimejaribu kulitafutia maelezo mengine na sikuyapata.

Fremu tupu

Kisa kilichonigeuza ni cha ziara.

Vita ilipoanza, wafanyakazi wa Hermitage chini ya mkurugenzi Iosif Orbeli walifunga zaidi ya vitu milioni moja na kuvipeleka kwa treni mbili hadi Sverdlovsk, milimani Ural. Treni ya tatu haikuwahi kuondoka, njia ilikuwa imekatwa. Michoro ilitolewa kwenye fremu zake, na fremu zikaachwa kutani zikisubiri. Katika mahandaki ya chini waliishi watu wapatao 2,000, wafanyakazi na familia zao, wakiwa na mishumaa na vitabu.

Majira ya kuchipua ya 1942, barafu ilipoyeyuka na maji kuvuja kumbini, wanafunzi wa jeshi walikuja kusaidia kusafisha na kuhamisha samani. Walipomaliza, mmoja wa watu wa makumbusho, Pavel Gubchevsky, akawashukuru kwa kuwatembeza. Hapakuwa na mchoro hata mmoja ukutani. Akawasimamisha mbele ya fremu moja baada ya nyingine na kuwaeleza kilichokuwamo: hapa Rembrandt, mwana aliyepotea amepiga magoti mbele ya baba yake, mwanga unatoka upande huu, angalieni mikono ya mzee.

Na vijana wale wakaangalia.

Kazi ya mwongozaji wa watalii nilikuwa naichukulia kama huduma, kitu cha kulipia na kukipa nyota kwenye simu. Gubchevsky alikuwa na njaa, hakuwa na cha kuonyesha, na kwa maoni yangu alitoa ziara kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa katika jengo lile. Kama anayejua na anayesikiliza wapo, mchoro una mahali pa kurudi. Na ulirudi: Oktoba 1945 treni ziliingia kutoka Ural, na Novemba kumbi zikafunguliwa.

Mwaka 1947 ikawa zamu ya Samson. Mchongaji Vasily Simonov aliitengeneza upya akiegemea picha. Sanamu ilipopelekwa Peterhof ilipitishwa kwanza Nevsky Prospekt juu ya lori, ili watu waione. Nawaza waliosimama kando ya barabara ile, miaka mitatu tu baada ya mzingiro. Sidhani kama kuna aliyeuliza kama ni yenyewe.

Odesa

Siwezi kuandika haya kama vile dunia imesimama. Tarehe 23 Julai 2023 kombora la Urusi lilipiga Kanisa Kuu la Kugeuka Sura huko Odesa, Ukraine. Kanisa hilo lilikuwa limebomolewa na Wasovieti mwaka 1936, na wenyeji wakalijenga tena baada ya uhuru wao. Nchi inayojua kuliko nyingi maana ya kukuta dari iko sakafuni imewafanyia wengine hilo hilo. Upendo wangu kwa mafundi wa Pavlovsk haunifungi mdomo, na nadhani wangekuwa wa kwanza kuitambua picha ile.

Forodhani

Kuna sababu nyingine ya swali la Chumba cha Kaharabu kunishika mimi kuliko lilivyowashika wenzangu wa safari.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, iliporomoka pale Forodhani, Zanzibar, wakati wa ukarabati, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Jengo lile, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultan Barghash, lilishaponea chupuchupu mara moja. Agosti 1896 meli za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa nzima. Majirani zake wawili, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, wakaangamia. Beit al-Ajaib likabaki, na mnara wa saa tuliouzoea ukajengwa mbele yake baada ya hapo. Kumbe hata lile tunaloliita la asili lilikuwa limeshabadilishwa na mizinga.

Sasa tunabishana: lirudi kama lilivyokuwa, au? Nimesikia wanaosema likirudi halitakuwa lenyewe. Zamani ningekubaliana nao. Leo nauliza mambo mengine kwanza. Vipimo vipo? Picha za milango, za nguzo, za ngazi, ziko kwa nani? Nani anafundishwa leo kuchonga na kupiga chokaa, kabla ya kuhitajika? Na wale wawili waliokufa siku ya Krismasi, majina yao yatawekwa wapi jengo likisimama?

Ningeanzia Pavlovsk

Kama utakwenda Saint Petersburg siku moja, maoni yangu ni haya. Usianzie kwenye dhahabu ya Tsarskoe Selo. Panda treni stesheni ya Vitebsky uende Pavlovsk kwanza. Ni kasri dogo zaidi, tulivu, lenye bustani kubwa ambayo mwaka 1941 wafanyakazi walizika sanamu ardhini ili zisipatikane, na nyingi zikafukuliwa salama. Mkurugenzi wake, Anna Zelenova, alipitisha mzingiro akilinda vitu vya makasri vilivyofichwa chini ya Kanisa Kuu la Isaac, na aliporudi mwaka 1944 alikuta kuta zimeungua. Vyumba vya kwanza vilifunguliwa mwaka 1957. Pavlovsk ndilo kasri la kwanza katika hayo ya nje ya mji kumalizika kurudishwa lote. Michoro ya dari iliyokuwa imeteketea ilirudishwa na Anatoly Treskin, na ukiinua shingo unatazama mkono wake.

Tafuta picha za magofu kabla ya kutazama chumba chenyewe. Kaa nazo, hata kundi likikuacha.

Kisha muulize mwongozaji wako kuhusu Zelenova, Kuchumov, Treskin, Simonov, na Alexander Kedrinsky aliyesimamia kurudishwa kwa Kasri la Catherine. Wengine wanayajua majina haya vizuri na macho yao yatabadilika ukiyataja, maana hawaulizwi. Asiyeyajua, mtajie wewe, kwa sauti, na waliosimama karibu wasikie.